Fahamu sonata ya sauti tatu, muziki wa fidla na kinanda uliozaliwa Italia

MTAHINIWA wa somo la Muziki katika shule ya upili mjini Kitale au Bungoma hutakikana kujua mambo mawili ambayo aghalabu hayakutani. La kwanza ni ala za jadi za Kenya, likiwamo litungu la Wabukusu. La pili ni jinsi watunzi wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 walivyopanga sauti zao. Litungu anaweza kuliona kwa macho yake, kulisikia arusini au matangani, hata kumwomba mpigaji amwonyeshe kidole kipi hugusa uzi upi. Muziki wa Ulaya wa enzi iitwayo Baroki, takriban miaka ya 1600 hadi 1750, wengi huukuta kitabuni tu, ukiwa orodha ya majina ya watunzi na tarehe za vifo vyao.

Karatasi ya tatu ya somo hilo katika mtihani wa KCSE huuliza historia na uchanganuzi wa muziki wa Kiafrika na wa Kimagharibi kwa pamoja. Mtihani huo unafikia ukingoni, maadamu kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 ni la mwaka 2027. Hata hivyo, wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza sekondari pevu Januari 2026 wanaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na humo muziki umo. Kwa hivyo swali la jinsi ya kumfundisha kijana wa Chwele au Kiminini muziki ambao hajawahi kuusikia halijaondoka na mfumo wa zamani.

Mojawapo ya tungo zinazofaa kuanzia ni sonata ya sauti tatu, ile iliyotungiwa fidla mbili, besi na kinanda cha kanisani. Ni fupi, haihitaji okestra, na aliyeielewa huwa ameshika nusu ya siri za enzi nzima ya Baroki.

Neno sonata limetokana na kitenzi cha Kiitaliano chenye maana ya kutoa mlio. Waitaliano walilitumia kutofautisha muziki wa kupigwa kwa ala na kantata, ambao ni muziki wa kuimbwa. Mwanzoni halikumaanisha muundo wowote maalumu. Lilimaanisha tu kwamba hapa hakuna maneno, sikiliza ala.

Watatu ambao ni wanne

Jambo la kwanza linalomkanganya mwanafunzi ni hesabu. Sonata huitwa ya watatu, lakini jukwaani huonekana watu wanne. Ukweli ni kwamba kinachohesabiwa ni sauti zilizoandikwa, si watu wanaopiga. Fidla ya kwanza ina mstari wake, fidla ya pili ina wake, na besi ina wake. Mstari huo wa besi hupigwa na watu wawili kwa wakati mmoja: mmoja ana ala ya nyuzi yenye sauti nzito, mfano wa chelo, na mwingine ameketi kwenye kinanda. Mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hufuata besi ile ile, huku mkono wa kulia ukijaza sauti za katikati ambazo mtunzi hakuziandika.

Hakuziandika, narudia, kwa sababu hapo ndipo penye utamu. Mtunzi wa Baroki aliandika noti ya besi na juu au chini yake akaweka tarakimu. Mpiga kinanda alizisoma tarakimu hizo na kuunda mwafaka wa sauti papo hapo. Wanakwaya wetu waliolelewa kwa sol-fa wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wanavyodhani. Besi ikiwa ni “d” bila tarakimu yoyote, mpiga kinanda ataongeza “m” na “s”. Besi ikiwa ni “m” na imeandikiwa 6, ataongeza “s” na “d” ya juu, kwa kuwa “d” hiyo ni sauti ya sita ukihesabu kuanzia “m”. Namna ya kuzipanga, kuzipamba au kuzipunguza ni hiari yake. Besi hii haikatiki tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho, na ndiyo maana Waitaliano waliiita basso continuo, yaani besi isiyokoma.

Juu ya msingi huo fidla mbili hushindana na kusaidiana. Zina upana ule ule wa sauti, hivyo hupishana: mara ya kwanza iko juu, mara ya pili imeipita. Moja hutamka wazo, nyingine hulijibu kwa wazo lilo hilo katika kiwango tofauti. Kisha zinafanya jambo ambalo sikio likilizoea hulitamani. Fidla ya kwanza hushikilia noti, ya pili ikapanda hadi ikagusana nayo, zikakwaruzana kwa pigo moja, kisha iliyoshikilia ikashuka hatua moja na mkwaruzo ukayeyuka. Mara moja baadaye mchezo hurudiwa, fidla zikiwa zimebadilishana zamu. Mnyororo wa mikwaruzo hiyo ukipita juu ya besi inayotembea polepole ndio unaoipa sonata ya kanisani ile huzuni yake isiyo na maneno.

Kwa nini kinanda cha kanisani?

Sonata hizi zilikuwa za aina mbili. Ipo ya kanisani, sonata da chiesa kwa Kiitaliano, na ipo ya ukumbini au nyumbani, sonata da camera. Ya ukumbini ilikuwa mfululizo wa mitindo ya ngoma za Ulaya kama vile alemanda, saraband na jigi, na besi yake ilisindikizwa na hapsikodi, kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa na vijipande vya mashina ya manyoya ya ndege. Ya kanisani haikutaja ngoma kwa majina, ingawa sikio makini litasikia ngoma ikichungulia katika sehemu ya mwisho. Kwa kawaida ilikuwa na sehemu nne: polepole, haraka, polepole, haraka. Ilipigwa wakati wa Misa, katikati ya masomo au watu wakipokea sakramenti.

Hapsikodi haikufaa kanisani kwa sababu mlio wake hufa upesi, sawa na wa litungu au gitaa. Uzi ukishadonolewa, sauti huanza kupungua papo hapo. Kinanda cha mabomba hakina kasoro hiyo. Hewa kutoka kwenye mivukuto husukumwa ndani ya mabomba, na kadiri kidole kinavyobaki kwenye kibonyezo ndivyo sauti inavyodumu bila kufifia. Kabla ya umeme alikuwako mtu nyuma ya kinanda aliyekuwa akivuta na kukandamiza mivukuto hiyo kwa mikono au miguu. Jina lake halikuandikwa kwenye karatasi ya muziki, lakini bila yeye hapakuwa na sonata.

Tukiwa hapo, inafaa kukumbusha kwamba kinanda cha mabomba hakikuzaliwa Ulaya. Cha kwanza kinachojulikana kiliundwa na fundi Ktesibios mjini Alexandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na msukumo wa hewa yake ulitulizwa kwa uzito wa maji. Ala ambayo wengi huiona kuwa nembo ya makanisa ya Wazungu ilitokea katika bara hili.

Watunzi

Muundo wa fidla mbili na besi ulianza kuonekana Italia mwanzoni mwa karne ya 17. Salamone Rossi, Myahudi aliyefanya kazi katika kasri la watawala wa Mantua, alichapisha mjini Venice mwaka 1607 kitabu cha vipande vya ala ambamo mpango huo tayari upo. Wengi walifuata.

Aliyeukamilisha ni Arcangelo Corelli. Alizaliwa Fusignano mwaka 1653, akajifunza Bologna, na akaishi Roma sehemu kubwa ya maisha yake chini ya ufadhili wa makadinali na wa Malkia Christina wa Sweden, aliyekuwa amevua taji na kuhamia Roma. Kitabu chake cha kwanza cha sonata 12 za kanisani kilitoka mwaka 1681 na alimtunukia malkia huyo. Cha pili, cha ukumbini, kilitoka 1685, cha tatu cha kanisani 1689, na cha nne cha ukumbini 1694. Jumla ni sonata 48 za sauti tatu. Alipofariki mwaka 1713 alizikwa ndani ya Pantheon, heshima ambayo wanamuziki wachache wamewahi kupewa.

Vitabu vyake vya kanisani viliuzwa vikiwa vijitabu vinne tofauti: fidla ya kwanza, fidla ya pili, violoni au arkiliuto, na kinanda. Msomaji wa pwani atavutiwa na hilo neno arkiliuto. Ni ala yenye shingo ndefu na nyuzi nyingi za besi, mzawa wa udi uliofika Ulaya kutoka kwa Waarabu. Kwa maneno mengine, mpiga taarabu wa Lamu au Unguja na msindikizaji wa Corelli mjini Roma walishika ala za ukoo mmoja. Nayo fidla, kwa njia yake nyingine, imekuwa katika taarabu kwa vizazi kadhaa. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, na mpenzi yeyote wa taarabu ya okestra hahitaji kufafanuliwa fidla hulia vipi.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwalimu anayesahihisha kazi za upatanifu wa sauti angepaswa kuwasimulia wanafunzi wake. Mwaka 1685 wanamuziki wa Bologna waligundua kwamba katika sonata ya tatu ya kitabu cha pili, fidla ya kwanza na besi zilisonga pamoja mara kadhaa zikiwa zimeachana kwa umbali wa sauti ya tano. Ni kosa lile lile linalowanyima alama watahiniwa wetu hadi leo. Walimwandikia kumtaka ajieleze. Corelli aliwajibu kwa ukali kuwa wao hawakuvuka kanuni za mwanzo za sanaa hiyo. Mabishano yakaendelea kwa barua. Hakuna aliyeshinda, ila sonata ingali inapigwa.

Uingereza, kijana Henry Purcell alichapisha sonata zake 12 za sauti tatu mwaka 1683, akikiri wazi katika utangulizi kwamba anawaiga mabingwa wa Kiitaliano. Alifariki 1695 akiwa na miaka 36 tu, na mjane wake akachapisha nyingine 10 mwaka 1697. Hizo ziliitwa za sauti nne, ingawa mpango wake ni ule ule. Walichofanya ni kuhesabu kinanda pia. Vivaldi alifungua kazi yake ya uchapishaji kwa sonata 12 za aina hii mwaka 1705. Handel naye alizitunga.

Ujerumani ilichukua muundo huu na kuupeleka mbali. Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Lübeck, alichapisha makusanyo mawili katika miaka ya 1690 ambamo fidla ya pili imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na viola da gamba, ala ya nyuzi inayoshikwa kati ya magoti. Sifa zake zilimvutia Johann Sebastian Bach, ambaye mwaka 1705, akiwa na miaka 20, aliomba ruhusa ya majuma manne akatembea kwa miguu kutoka Arnstadt hadi Lübeck ili amsikilize. Ni safari ya zaidi ya kilomita 400, ndefu kidogo kuliko barabara ya kutoka Kitale hadi Nairobi. Alikaa takriban miezi minne na waajiri wake walimkaripia aliporudi.

Bach huyo, miaka ya baadaye mjini Leipzig, alitunga sonata sita ambazo mtu mmoja huzipiga peke yake kwenye kinanda cha mabomba. Mkono wa kulia ni fidla ya kwanza, mkono wa kushoto ni ya pili, na miguu miwili hukanyaga besi. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake, Johann Nikolaus Forkel, alieleza kuwa zilikusudiwa kumfundisha mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann. Wanaozijaribu husema ni miongoni mwa kazi ngumu zaidi za ala hiyo, kwani akili hutakiwa kugawanyika mara tatu bila mkono mmoja kuuegemea mwingine. Mwaka 1747 Bach aliandika nyingine, ya filimbi, fidla na besi, kwa ajili ya Mfalme Frederick wa Prussia, ambaye alipiga filimbi.

Baada ya 1750 mambo yalibadilika haraka. Watunzi walianza kuandika kila noti wenyewe, mpiga kinanda wa kujaza akakosa kazi, na wapiga nyuzi wanne wasio na kinanda wakashika nafasi kwa jina la kwarteti. Masalio ya mwisho yenye sifa ni sonata 17 fupi ambazo Mozart aliandikia kanisa kuu la Salzburg kati ya 1772 na 1780, nyingi zikiwa za fidla mbili, besi na kinanda. Ufupi wake ulikuwa na sababu. Askofu Mkuu Colloredo hakutaka Misa ivuke robo tatu ya saa.

Litungu, siilili na hesabu ya sauti

Sasa turudi nyumbani. Litungu ni ala ya Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, yenye kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi, mikono miwili inayopanuka, na mti wa kukingama ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Kwa kawaida nyuzi ni 7, ingawa yapo matungu yenye 8. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya wanyama. Siku hizi ni za nailoni. Fidla za wakati wa Corelli nazo zilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, na wapigaji wa leo wanaotaka mlio wa enzi hiyo bado huzitafuta.

Mwenzake litungu ni siilili, zeze la uzi mmoja au mbili linalopigwa kwa uta. Ukisikiliza kundi la ala hizi kwa makini utaona kazi zimegawanywa. Nyuzi nene za litungu hurudia mzunguko usiokoma, nyuzi nyembamba hucheza juu yake, siilili huandama sauti ya mwimbaji na kumjibu, na njuga hushika mwendo. Msingi unaorudiwa, sauti mbili za juu zinazojibizana, na mpigaji anayejaza kwa ubunifu wake pasipo kuandikiwa: mwanafunzi aliyesikia hayo ameshasikia kanuni za sonata ya sauti tatu kabla ya kufungua kitabu.

Nasema kanuni, si muziki wenyewe, kwa kuwa mfanano una mipaka na baadhi ya walimu huuvuta kupita kiasi. Besi ya Corelli haizunguki mahali pamoja. Inasafiri, ikihama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine na kurejea. Mzunguko wa litungu hukaa, na nguvu yake imo katika kukaa huko. Sonata haina mwimbaji, ilhali litungu lisilo na mwimbaji ni nusu ya ala, kwa sababu sifa, masimulizi na kejeli ndizo zilizoliweka hai. Aidha siilili haina upana wa sauti wa kumudu mstari wa fidla ya Corelli. Mwanafunzi akiandika katika jibu lake kwamba ala hizi mbili ni kitu kimoja atakosea pande zote mbili.

Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ya mwalimu anayefundisha vyote viwili kwa chaki. Mpigaji mzee wa litungu anaweza kualikwa darasani kwa nauli na chakula cha mchana. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko alioanza kuonyesha mlowezi Hugh Stoneham mwaka 1926, yako hapo hapo mjini kwa anayetaka kuwaonyesha wanafunzi urithi wa jamii za magharibi mwa Kenya. Na sonata yenyewe haihitaji Roma.

Vinanda vya mabomba nchini ni vya kuhesabu kwa vidole, kimoja kikiwa katika Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi. Lakini kinanda cha umeme kilichomo karibu kila kanisa la mjini kina kitufe cha sauti ya mabomba, na kwa sonata ya sauti tatu hiyo yatosha, maana wakati wa Baroki pia kilichotumika mara nyingi kilikuwa kinanda kidogo kisicho na ngurumo. Besi inaweza kupigwa kwa chelo, na ikikosekana, gitaa la besi lililopunguzwa sauti litashika mstari. Kigumu ni fidla mbili na watu wa kuzipiga. Mafunzo ya ala hiyo yamejikita zaidi Nairobi, katika taasisi kama vile Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, na mradi wa Ghetto Classics, ulioanza Korogocho mwaka 2008 na kuonyesha kuwa mtoto wa mtaa wa mabanda akipewa fidla na mwalimu ataipiga.

Shule isiyo na fidla bado inaweza kuimba. Mistari mitatu ya sehemu ya polepole huandikika kwa sol-fa: sauti ya kwanza na ya pili zikachukua fidla, besi wakachukua besi, mwalimu akajaza kwenye kinanda. Noti za Corelli hazina hakimiliki tena na zinapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya Petrucci, iliyofunguliwa mwaka 2006, zikiwamo nakala za vile vijitabu vinne vya awali pamoja na tarakimu zake.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza, sonata ya pili katika kitabu cha tatu cha Corelli, iliyo katika ufunguo wa D, inafaa. Sehemu zake zote nne kwa pamoja huchukua dakika kama sita hivi. Usikilize mara ya kwanza ukifuata fidla, mara ya pili ukifuata besi peke yake, na mara ya tatu utafute mkono wa kulia wa mpiga kinanda. Kisha chukua upigaji wa kundi jingine uone jinsi mkono huo ulivyobadilika ilhali karatasi waliyosoma ni moja.